Macho Yaangalie Wapi? Kamera, Mkato na Raha ya Filamu

Mhadhara kwa wakazi wa Runyenjes



Barabara ya Embu kwenda Meru inapita katikati ya mji wenu, na leo mimi, mhariri wa filamu, nitaigeuza studio. Sote tunazijua pikapu za miraa zinazoteremka kutoka Maua kwenda Nairobi, na tunajua hazimsubiri mtu. Tuseme mama ametoka sokoni na kikapu cha avokado, anataka kuvuka. Pikapu inakuja. Kuanzia anapokanyaga lami hadi anapofika ng'ambo ni kama sekunde 20. Tunataka kulitia tukio hilo kwenye filamu, na tunayo kamera moja tu.

Twaweza kupanda juu ya ghorofa, tukaisimamisha kamera pale, tusiiguse tena. Kila kitu kitaonekana: maduka, bodaboda, mama, pikapu, mbwa aliyelala kivulini. Mama atavuka, pikapu itapita, nawe mtazamaji utasema, "Kumbe huyu angegongwa!" Halafu utaendelea kula njugu zako.

Au tuteremke chini, tulipige tukio lile lile kwa vipande. Mama anakaza leso kiunoni. Pikapu inakata kona. Mama anaweka mguu kwenye lami. Gurudumu. Kikapu kinachanika mpini, avokado zinabingirika, mama anainama kuziokota. Dereva anageuza uso kubadilisha stesheni ya redio. Mkono wa mama. Gurudumu. Shoti ya kwanza tunaipa sekunde nne, ya pili tatu, halafu mbili, moja, nusu. Hapo njugu zimesahaulika. Na hebu mnisikilize vizuri: pikapu ile tuliipiga picha Jumatano karibu na Chuka, mama tukampiga Ijumaa hapa Runyenjes. Hawajawahi kuonana. Wamekutana kwenye meza yangu ya uhariri, nao watazamaji wanatoa jasho kwa ajali ambayo haikuwa na njia ya kutokea. Ujanja huu una zaidi ya miaka mia moja, Mmarekani D. W. Griffith alikuwa akiutumia kufikia mwaka 1909, wakati filamu bado hazina sauti.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo niipendayo. Tusimwonyeshe mama wala pikapu. Kamera iwe usoni pa fundi wa saa aliyeketi kando ya barabara, ameinamia saa ya mteja. Tunasikia honi. Breki. Fundi anainua macho. Bisibisi imesimama hewani. Tunamwangalia yeye akiangalia, sekunde sita, saba, nane, na hakuna anayetuambia ameona nini.

Mama ni yule yule, barabara ni ile ile, na filamu ni tatu tofauti. Ninachotaka kuwaambia jioni hii ni kwamba raha ya filamu zinazopendwa na wengi haitokani na kasi, ingawa wauzaji wa filamu wanatuambia hivyo kila siku. Inatokana na mwongozaji kujua macho yetu yako wapi kwa sekunde hii, na kutufanya tusubiri kwa kipimo tunachoweza kukivumilia. Kasi peke yake ni rahisi. Kompyuta yoyote inakata picha.

Suala la kasi lina historia yake katika sehemu zetu, tena historia yenye dharau ndani yake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu 35: za minyoo, za kuweka akiba kwenye benki ya posta, za kilimo. Maelezo waliyarekodi kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, wakazungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na msimamizi wake akawa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alikuwa na imani moja aliyoigeuza kuwa kanuni: Mwafrika hawezi kuisoma picha inayokwenda haraka. Kwa hiyo shoti ziwe ndefu, mwendo uwe wa kinyonga, kamera isihamehame, na hila za kamera zisiwepo kabisa. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, aonyeshwe akitoka, akitembea, akifika. Usimruke.

Mimi nimezitazama baadhi ya filamu za aina hiyo kwa sababu ya kazi yangu. Zinachosha, na zingemchosha mkulima wa Sussex kule Uingereza vilevile. Babu zetu walipozungumza au kucheka wakati usiostahili, ilidhaniwa hawajaelewa. Hakuna aliyewaza kwamba pengine walikuwa wameelewa mapema mno, wamebaki wakisubiri filamu iwafikie.

Lakini filamu hizo zililetwa na magari ya sinema yaliyotandika kitambaa cheupe kwenye viwanja vya shule, na hapo palikuwa na mtu mmoja ambaye kanuni za London hazikuweza kumbana: mkalimani aliyesimama kando ya kitambaa na kipaza sauti. Ndiye aliyeamua nini kifafanuliwe, nini kirukwe, na wapi pawekwe mzaha. Wajapani walikuwa nao watu wa namna hiyo tangu enzi za filamu bubu, waliitwa benshi, na baadhi yao walikuwa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe. Dar es Salaam alitokea Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye kanda zake za filamu za kigeni alizozitafsiri kwa Kiswahili zilienea mpaka vijijini. Kampala wana watafsiri wao wa filamu, waitwao maveejei, na mmoja wao, VJ Emmie, ameingizwa ndani ya filamu yenyewe: ile ya Nabwana I. G. G. wa Wakaliga iitwayo Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, husikii milio ya risasi bila kumsikia yeye juu yake. Na hapa kwetu Kenya, sihitaji kumtambulisha DJ Afro na sauti yake juu ya filamu za kigeni. Nikiwauliza mliomsikia muinue mikono, wazee ndio watakaonishangaza.

Tumchunguze kidogo dijei huyu kama mtu wa uhariri, maana huko ndiko ninakomheshimu. Filamu ya Kichina imeanza. Dakika kumi za kwanza ni wazee wenye ndevu wakinywa chai na kuzungumzia heshima ya chuo chao. Mtazamaji aliyelipa shilingi zake kuona ngumi angeshaanza kupiga miluzi. Dijei anafanya nini? Anakuonyesha staringi kabla filamu haijamtaja. Anakuambia yule aliyekaa pembeni, anayemimina chai, umwangalie vizuri. Hapo amefanya kazi ya picha ya karibu bila kuigusa kamera: jicho lako lilikuwa linazurura kwenye skrini, yeye amelishika na kulipeleka mahali. Kisha anakupa deni. Anakuahidi kwamba huyu mzee mwenye dharau atalipa, na kwamba malipo yako njiani. Kuanzia hapo zile dakika za chai hazichoshi tena, kwa sababu kila neno la dharau linaongeza deni. Ngumi zikianza, sauti yake inapanda na kukimbia. Aliyekua akimsikiliza Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira redioni anaujua mwendo huo, ambao unakufanya uone kwa sikio. Na dijei anayeijua kazi, pigo la mwisho likikaribia, hunyamaza. Kunyamaza huko nako ni mkato.

Suala la hakimiliki ya filamu hizo zinazotafsiriwa sijalisahau. Lina mhadhara wake na mawakili wake.

Sasa niende kwenye kamera za waongozaji wenyewe. Mwaka 1985 Jackie Chan alitoa Police Story. Kilele chake kiko ndani ya duka kubwa la ghorofa kadhaa: anaruka, anashika nguzo iliyozungushiwa taa za umeme, anateremka nayo huku taa zikipasuka, mpaka anaporomoka chini kwenye vioo. Tukio hilo la sekunde chache limeonyeshwa mara tatu mfululizo, kutoka pembe tatu. Kwa sheria za vitabuni hilo ni kosa, kwa sababu mtu hawezi kuanguka mara tatu. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa video anajua kelele za "Rudisha! Rudisha!" zinazomwelekea mwenye rimoti. Jackie Chan amejirudishia mwenyewe. Anajua unataka uhakika kwamba ni yeye, kwamba hakuna kamba, kwamba nguzo ni ndefu kama ilivyo. Kwenye mapigano yake kamera husimama mbali ya kutosha uone miguu na mikono ya watu wote wawili ndani ya fremu moja, na mkato huja baada ya pigo kutua. Ngumi ianzie hapa, itue pale, uione safari yake. Raha iko kwenye safari.

Mweke kando ya Liam Neeson katika Taken 3 ya mwaka 2014. Anaruka ua wa waya. Ndiyo hayo tu, mzee anaruka ua. Kwa takriban sekunde sita picha imekatwa zaidi ya mara kumi: mkono, waya, mgongo, mguu, waya tena. Neeson alikuwa amepita miaka 60, na simlaumu; hata mimi ua wa shule hapa jirani siuwezi. Lakini mwongozaji ametuficha jambo kwa vumbi la mikato, na macho yetu yamechoka bila kuona kitu. Mtoto wa darasa la sita ataruka ua huo mara moja, nawe utamshangilia zaidi.

Msije mkasema basi mhariri huyu ni mzee, anachukia mikato mingi. Mwaka uliofuata, 2015, ilitoka Mad Max: Fury Road ya George Miller. Ina shoti takriban 2,700 ndani ya saa mbili, yaani chini ya sekunde tatu kwa shoti. Ni magari, moto na vumbi la jangwani kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na hupotei hata kidogo. Siri yake unaweza kuijaribu nyumbani: bandika kipande kidogo cha karatasi katikati ya skrini. Utakuta jambo la maana, uso, bunduki, mkono kwenye usukani, karibu kila mara liko pale penye karatasi. Mpigapicha John Seale aliambiwa aliweke katikati, na mhariri Margaret Sixel, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, akakata kutoka katikati kwenda katikati. Jicho halitafuti, kwa hiyo halichoki. Kwa idadi ya mikato, filamu hizi mbili ni za ukoo mmoja, ila moja inamheshimu mtazamaji na nyingine inamsukuma.

Mwanasaikolojia James Cutting wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipima filamu nyingi za Kiingereza akakuta wastani wa shoti moja umeshuka kutoka sekunde 12 hivi mnamo 1930 hadi sekunde mbili na nusu katika miaka yetu. Wengine wakisikia hivyo hulia kwamba dunia imekwisha. Mimi naona tumezoea tu kusoma picha haraka. Yule Sellers angeletwa hapa leo akae nyuma ya kijana wa boda anayetazama video kwenye simu akisubiri abiria, angezirai.

Nirudi kwenye kusubiri, maana hapo ndipo palipo na utamu. Wangapi wanaikumbuka Sholay? Ni ya 1975, mwongozaji Ramesh Sippy, ina zaidi ya saa tatu, na imezunguka Afrika Mashariki miaka na miaka. Gabbar Singh, jambazi wa filamu hiyo, anapoingia, hatumwoni uso. Tunaona viatu vikitembea juu ya mwamba, mkanda ukiburuzwa, na wanaume wenye bunduki wakiogopa kuinua macho. Filamu imetutangazia hatari kwa kutuonyesha viatu tu. Halafu lile tukio la familia ya adui yake, Thakur. Mtu mmoja mmoja anapigwa risasi, na kila anapoanguka picha inaganda. Inakwenda, inaganda. Bembea inalia. Mwisho amebaki mtoto mdogo na Gabbar juu ya farasi, bunduki inainuliwa, mlio unasikika, na mkato unatupeleka kwa Thakur, babu wa mtoto, akishuka kwenye garimoshi, hajui lolote. Kifo cha mtoto hatukukiona. Kuna watu watakaokuapia walikiona. Wamejitengenezea wenyewe, na ndiyo maana hakiwatoki.

Sergio Leone alifanya jambo linalofanana mwaka 1966 katika The Good, the Bad and the Ugly. Wanaume watatu wamesimama makaburini, kila mmoja na bastola. Dakika zinapita bila risasi. Picha ya mbali kabisa, halafu mikono, halafu nyuso, halafu macho tu, na kadiri muziki wa Ennio Morricone unavyopanda ndivyo shoti zinavyofupishwa. Hapa niongeze jambo la kifundi ambalo wapenzi wengi wa zamani hawakuambiwa. Filamu ile ilipigwa kwa fremu pana sana. Ilipotiwa kwenye kanda za video ili itoshe runinga za zamani, zile za mraba, fremu pana namna hiyo ilikuwa ikipoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha yake. Wanaume wawili wakisimama ncha mbili za skrini, mmoja anapotea, au runinga inabaki ikiwaonyesha pengo lililo kati yao. Kwenye ukumbi wa video, runinga ndogo imetundikwa juu ukutani na watu sitini wamebanana kwenye mabenchi, picha ya mbali ilikuwa imekufa kabla haijazaliwa. Si ajabu filamu zilizotamba kwetu zilikuwa zile zenye uso mkubwa na ngumi iliyo wazi, na si ajabu tulimhitaji mtu wa kutueleza kilichokatwa pembeni.

Filamu zetu wenyewe zimelielewa hili kuliko tunavyozipa sifa. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, inamwanzia Mwas kijijini, akiuza filamu za mapigano. Anaziuzaje? Anaziigiza. Anakuwa shujaa, anakuwa adui, anakuwa bunduki. Joseph Wairimu, aliyecheza nafasi hiyo na kupata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huo huo, anatuonyesha kijana aliyejifunza mwendo wa filamu kwa mwili wake, hana kamera wala shule. Kisha anakwenda Nairobi na kuporwa mara tu anaposhuka, na ule mwendo wa kuchekesha wa kijijini unakatika pale pale. Ujuzi wa filamu ile uko kwenye mabadiliko hayo ya mwendo zaidi kuliko kwenye bastola zake.

Na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, kamera ikiwa mkononi mwa Enos Olik. Ni dakika 74 tu. Msichana Jo ana ugonjwa usiopona, anapenda mashujaa wa filamu, na wanakijiji wanashirikiana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Ingekuwa rahisi kuikimbiza hadithi hiyo au kuijaza machozi. Filamu imekuwa na subira na uso wa mtoto, aliyeigizwa na Stycie Waweru, na kwa maoni yangu hilo limefanya kazi ambayo milipuko kumi isingeifanya.

Namalizia na vijana, hasa nyinyi mnaopiga video za harusi na za ruracio, yaani sherehe za mahari, hapa Runyenjes na kule Kianjokoma. Nimeziona kazi zenu. Vifaa mnavyo, wengine mna droni. Lakini kwa nini bibi harusi anatembea polepole, anakunywa soda polepole, anakata keki polepole, na hata mchungaji anafungua Biblia polepole? Mwendo ukiwa mmoja saa nzima, hakuna polepole tena, kuna uchovu. Shosho atashika rimoti, atarusha mbele mpaka ajione mwenyewe, kisha atazima. Mpunguzieni bibi harusi mwendo mara moja tu, pale anapomwona mama yake akilia, na sehemu nyingine zote atembee kama watu. Na ile droni inayopanda mpaka kilima cha Kirimiri kionekane, ipandeni nayo mkiwa na sababu.

Mkimaliza kazi yoyote, ya harusi au ya hadithi, msikimbilie kuipakia kwenye YouTube. Ileteni kwanza hapa mjini, muitundike mbele ya watu waliochoka na kazi ya chai na kahawa, nanyi mkae mkiipa skrini mgongo, muwatazame wao. Andikeni dakika ambayo mtu wa kwanza ametoa simu mfukoni. Mkirudi nyumbani, anzeni kukata kutoka hapo.